Premio inavuta inaachia mlimani na bakfaya inatoka mbele, sio kwa eksosi

Gari ni Toyota Premio ya 2005, injini 1ZZ ya 1.8, gia otomatiki. Mwenyewe ni mwalimu, anaishi hapa Nakuru na anafundisha upande wa Molo, kwa hivyo kila siku ya shule lazima apande ule mlima wa kutoka Salgaa kwenda Sachang'wan. Malalamiko yake ni hivi: kwa tambarare ukienda polepole gari iko sawa kabisa, ikisimama inanguruma laini hata huwezi kujua kuna shida, lakini ukifika mlimani ama ukitaka kuovateki lori ukakanyaga mafuta, inavuta vizuri kidogo, inaachia, inavuta tena, inaachia, kama mtu amekushika shati kutoka nyuma, na katikati ya hiyo vuta-achia inapiga pu! pu! halafu inaendelea kana kwamba hakuna kitu kimefanyika. Ukiachilia mafuta inatulia. Ukikanyaga tena inarudia.

Ilipofika kwangu ilikuwa imeshapitia mikono kadhaa. Plagi nne mpya, koili moja mpya, pampu ya mafuta eks-Japan, throto (mlango wa hewa wa injini) imeoshwa, chupa ya dawa ya injekta imemwagwa kwa tanki. Zaidi ya elfu 20 imeenda na bado inapiga. Fundi wa mwisho alimwambia shida ni mafuta, ati petroli imechanganywa na mafuta taa, abadilishe petrol station. Hii ya mafuta taa kwa kweli imekuwa kisingizio cha kila fundi aliyekwama. Ndio, mchezo ulikuwako na ulikuwa mkubwa, lakini tangu serikali iweke ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 faida yake ilipungua sana, na zaidi ya hapo petroli mbovu haichagui mahali pa kusumbua. Ingesumbua asubuhi ukiwasha, ingesumbua ikisimama, ingesumbua kila kona. Haingengoja mlima wa Sachang'wan.

Mimi kabla nifungue boneti huwa nauliza maswali, na swali ninalolipenda kuliko yote ni gari haifanyi hiyo shida wakati gani. Watu wamezoea kuulizwa inafanya lini, wanakuja wamejiandaa, wanakuigizia mpaka sauti kwa mdomo. Ukimuuliza haifanyi lini inabidi afikirie.

"Mwalimu, ikiwa baridi inafanya?"

"Baridi, moto, zote fundi."

"Ukiwa peke yako?"

"Nikiwa peke yangu ni kidogo. Nikibeba wenzangu wanne, hapo inakuwa aibu, mpaka wanauliza kama tushuke."

"Na ukirudi nyuma?"

Alicheka, akafikiri nafanya mzaha. Nikamwambia niko serious. Akasema kwao nyumbani geti iko juu kuliko barabara na yeye huingia kwa rivasi ili asubuhi atoke akiangalia mbele, na kale kamlima ni kakali, inabidi akanyage, lakini haijawahi kupiga hata siku moja akipanda kinyumenyume.

Sasa hapo ndio nilianza kusimamisha masikio. Plagi haijui kama gari inaenda mbele ama nyuma. Koili haijui. Pampu ya mafuta iko ndani ya tanki inasukuma tu, haina habari umeweka gia gani. Kitu kinachobadilika ukitoka D ukaenda R ni upande ambao injini inalalia kwa maunting zake, ile mipira inayoishika kwa bodi. Hizi gari injini imelala kwa upana, ukikanyaga kwenda mbele magurudumu yanasukuma na injini nzima inajibu kwa kuegemea nyuma, upande wa dashibodi. Ukirudi rivasi inaegemea mbele, upande wa rediata. Kwa hivyo chochote kinachosumbua upande mmoja tu, cha kwanza kushuku ni kitu kinachovutwa injini ikicheza: waya, ethi, paipu, mpira. Lakini hiyo ni shaka tu bado, manake kupanda geti ya nyumba ni mita chache na injini haijafikishwa mbali, hauwezi kufananisha na dakika nzima ya mlima wa Salgaa. Inabidi upime.

Cha kwanza tulienda barabarani, yeye akaendesha mimi nikaa kando dirisha wazi, redio imezimwa. Nilikuwa nataka kusikia kitu kimoja tu, ile pu inatoka wapi. Hapa ndio mafundi wengi wanapotezea watu pesa, manake bakfaya kwa midomo ya watu ni moja lakini kwa injini ni mbili na hazina uhusiano. Kuna ile ya nyuma, inapigia kwa eksosi, pa! kavu kama unavyosikia kwa matatu za zamani: hiyo ni petroli ambayo haikuchomeka ndani ya silenda, ikatoka mbichi, ikakutana na joto huko kwa paipu ikalipuka. Hiyo ukiisikia unafuata moto, yaani koili, plagi, waya, na usikawie kwa sababu petroli mbichi inaua katalisti, ile ya kusafisha moshi kwa eksosi (kama bado iko, gari nyingi huku ilishachomolewa zamani ikauzwa). Halafu kuna ile ya mbele, inapigia ndani ya boneti, sauti yake ni nzito na imezibwa kidogo, inarudi nyuma kupitia manifoldi ya kuingiza hewa. Hiyo mara nyingi ni hewa nyingi mafuta kidogo. Mchanganyiko mwembamba unachomeka polepole, unachelewa, mpaka valvu ya kuingiza inafunguka kwa mzunguko unaofuata na moto bado haujaisha ndani, basi ule moto unaruka kwenye manifoldi na kuwasha kile kilichokuwa kinangoja kuingia. Taimingi ikiwa mbaya pia inaweza kufanya hivyo, ama valvu isiyokaa vizuri, lakini hizo zingeonekana hata gari ikisimama.

Ya mwalimu ilikuwa inatoka mbele. Bila shaka yoyote. Na kila mtu aliyeishika kabla yangu alikuwa amenunua vitu vya kutibu ile ya nyuma.

Tuliporudi nikafungua eaklina, ile boksi ya filta ya hewa. Filta ilikuwa imejaa vumbi jekundu, hiyo ya barabara za ndani za Molo, imeziba vibaya, na ukiigeuza ule upande safi unaoangalia injini kulikuwa na alama nyeusi za moshi. Moshi kwa upande huo hauwezi kutoka nje, umetoka kwa injini ukirudi. Kwa hivyo sikio lilikuwa sawa. Filta yenyewe nikaiacha vile ilivyo kwanza, sikutaka kubadilisha chochote kabla ya kupima, manake ukishabadilisha kitu kimoja gari inabadilika tabia na unaanza kukimbiza gari nyingine.

Halafu skana. Hizi Toyota za Japan za miaka hiyo hazikubali kila skana, hivi vidude vidogo vya bluetooth vya kuunganisha na simu mara nyingi vinakataa kuongea nazo, unahitaji skana inayojua Toyota ya soko la Japan. Taa ya cheki injini ilikuwa imezimika. Hakukuwa na kodi ya kosa iliyokamilika, kulikuwa na moja tu ya kungoja, P0171, ile ya kusema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Sasa unajiuliza, gari imepiga miezi yote hiyo, mbona kompyuta haijawasha taa? Sababu mbili. Moja, kompyuta haiandiki hiyo kodi kwa kuona mara moja, inataka ione shida ikikaa, na irudie safari nyingine, na shida ya hii gari ilikuwa inakuja na kwenda ndani ya sekunde. Ya pili, kila fundi aliyeigusa alianza kwa kuchomoa tamino ya betri, "kuriseti", na ukifanya hivyo unafuta kodi na unafuta pia yale masahihisho ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza. Yaani kila mtu alikuwa anafika kwa shahidi, anampiga kofi asahau, halafu anamuuliza aliona nini.

Hayo masahihisho ndio niliyokuwa nayataka. Skana inayaita trimu ya mafuta, kuna ya haraka na ya muda mrefu, kwa asilimia. Ikiwa sifuri kompyuta imeridhika na hesabu yake, ikiwa na jumlisha inaongeza mafuta kwa sababu sensa ya oksijeni inalia hewa ni nyingi, ikiwa na kutoa inapunguza. Kucheza kati ya kutoa 5 na jumlisha 5 ni kawaida, hata 8 sitakosa usingizi. Gari ikinguruma imesimama ya mwalimu ilikuwa inacheza hapo karibu na sifuri, nzuri kabisa, na ya muda mrefu ilikuwa jumlisha 4. Hapo mtu anayepimia gari kwa gereji peke yake angefunga skana aseme injini ni nzima.

Tukarudi mlimani, skana kwa mapaja, yeye anaendesha. Akikanyaga, trimu ya haraka inaruka jumlisha 25 na kupita, gari inaachia, trimu inashuka karibu na sifuri, gari inavuta, trimu inaruka tena. Inapanda na kushuka kwa mdundo uleule wa kuvuta na kuachia. Misfaya, yaani silenda ikikosa kuchoma, zikahesabika silenda zote nne, hakuna moja iliyozidi nyingine. Ukiona zote nne zinaugua pamoja wacha koili, koili inaugua moja moja. Kwa hivyo ile mpya aliyouziwa mwalimu haikuwa na kesi hapa.

Na kuna hesabu moja ambayo napenda kufanya kwa kichwa, haihitaji mashine. Injini ya lita 1.8 kila mzunguko mmoja inavuta nusu, yaani lita 0.9. Ikizunguka 4,000 kwa dakika ni lita 3,600 kwa dakika, lita 60 kwa sekunde. Hewa ya huku kwetu juu ni kama gramu moja kwa lita, huko Sachang'wan hata kidogo chini ya hapo, na injini haiwezi kujaza silenda asilimia 100, toa kidogo, unabaki na kama gramu 45 hadi 50 kwa sekunde ukiwa umekanyaga karibu yote. Sensa ya MAF, ile inayokaa pale kwa eaklina inapima hewa inayoingia, ilikuwa inasema 35. Robo ya hewa imepotea. Sasa kuna njia mbili: ama sensa ni chafu inadanganya, ama inasema ukweli na ile robo inaingilia mlango mwingine ambao yeye haoni. Kama ingekuwa uchafu ingedanganya wakati wote, hata ikisimama ungeona dalili, na haingebadilisha maneno mara mbili kwa sekunde. Basi ni mlango. Na mlango wenyewe unafunguka na kufungika.

Pampu ya mafuta nikaipima pia japo nilikuwa nimeshaanza kuiondoa kwa orodha, kwa sababu pampu dhaifu nayo inaleta hewa nyingi mafuta kidogo mlimani, dalili zinafanana sana na watu wanachanganya. Hii injini haina nipo ya kupimia presha, lazima uunganishe adapta kwenye laini ya mafuta, kazi ya kuchosha kidogo na ndio maana wengi wanaona afadhali kununua pampu nyingine. Geji tukaifunga nje ya kioo cha mbele kwa tepu ili tuione tukiendesha, paipu tukaiweka mbali na eksosi. Toyota wanataka kama psi 44 hadi 50 kwa hii injini, ilikaa 46 kule kote mlimani, hata wakati gari inarukaruka sindano haikutingika. Pampu ikatoka.

Kando kidogo, manake hii nimeona ikiumiza watu wa huku. Kuna fundi mmoja katika wale wa kwanza alimpimia vakyumu (mfyonzo) ya injini akapata inchi 15, akamwambia injini imechoka, valvu zimeisha, atafute injini nyingine. Kitabu kinasema 18 hadi 22, ni kweli, lakini kitabu kimeandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850 juu, hewa yetu ina karibu asilimia 80 ya presha ya Mombasa. Kila futi 1,000 unazopanda unapoteza kama inchi moja ya vakyumu, na sisi tuko kama futi 6,000. Inchi 15 Nakuru ni injini nzima kabisa. Hata ukipima kompresheni (vile silenda inavyobana hewa) namba zitakuwa chini kuliko za kitabu na injini haina kosa, unachotafuta ni silenda zifanane. Na kinyume chake iko: koili iliyoanza kuchoka inaweza kujificha huku kwetu kwa sababu silenda inabana hewa kidogo na cheche inapata kazi rahisi, halafu mtu anashuka Kisumu ama Mombasa na gari inaanza kumisi, anarudi analaumu petroli ya huko.

Turudi kwa mlango. Mtu wa kawaida angechukua kopo la kabu klina (dawa ya kuosha kabureta) apulize kila mahali injini ikinguruma asikilize kama itabadilika. Walishafanya, mwalimu aliniambia, na hawakupata kitu, na hawangepata hata wangemaliza kopo kumi, manake kupuliza huku kunasaidia ukitafuta tundu lililo baada ya throto, pale ambapo injini inafyonza kwa nguvu. Kati ya eaklina na throto hakuna mfyonzo wa maana injini ikiwa polepole. Na kama shaka yangu ilikuwa sawa, gari ikisimama mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa hivyo lazima uufungue. Tukaweka mawe magurudumu yote, hendibreki juu, kijana wangu ndani mguu wote kwa breki, gia kwa D, na mtu yeyote asisimame mbele ya gari wala nyuma, mimi niko kando kwa fenda na tochi. Namwambia kanyaga, anakanyaga sekunde tatu nne anaachia. Usipitishe tano, gia otomatiki inachemka ndani vibaya sana ukifanya hivyo, na ukirudia ipe muda ipoe kwanza.

Injini ililala nyuma. Nasema ililala, haikutikisika, ilienda umbali ambao injini yenye maunting nzima haiendi. Na ule mpira mweusi wa hewa, wenye mikunjo, unaotoka eaklina kwenda throto, ukavutika. Eaklina imefungwa kwa bodi haiendi popote, throto iko kwa injini inaenda na injini, mpira uko katikati unavutwa pande mbili. Chini yake, kwenye mkunjo wa pili kutoka kwa klipu ya throto, mahali ambapo macho hayafiki ukisimama tu juu ya boneti, ukafunguka mdomo wa kuingia vidole viwili. Kijana akaachia mafuta, injini ikarudi, mdomo ukafunga kabisa, ukipapasa kwa kidole hata hausikii. Kulikuwa na mabaki ya silikoni hapo, mtu aliwahi kuiona akaipaka, silikoni ikakauka ikang'oka upande mmoja. Nikamwambia aweke R, tukarudia. Injini ikaja mbele, mikunjo ikabanana, mdomo ukajifunga zaidi.

Mwalimu alikuwa amesimama hapo kando akaona kwa macho yake. "Kwa hivyo ni kapaipu?"

"Ni kapaipu na maunting, mwalimu. Moja ndio imeua ingine."

Sasa ile vuta-achia ambayo ilikuwa inasumbua kila mtu akili inaeleweka. Unakanyaga, injini inapata nguvu, inalala nyuma, mpira unafunguka, hewa inaingia bila kupita kwa MAF. Kompyuta inaendelea kupima mafuta ya ile hewa inayoiona peke yake, na kwa vile inadhani mzigo ni mdogo inaweka na taimingi ya mzigo mdogo. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, silenda zinashindwa kuchoma sawasawa, inapiga pu kwa manifoldi, nguvu inaisha. Nguvu ikiisha injini inarudi kusimama wima. Ikisimama mpira unafunga, hewa yote inapita kwa MAF tena, mchanganyiko unarudi sawa, nguvu inarudi, injini inalala tena. Inajizungusha hivyo mara mbili kwa sekunde mpaka utoe mguu. Ndio maana ukiendesha kwa upole haifanyi, haujafikisha injini mahali pa kulala. Ndio maana wenzake wanne wakipanda inazidi. Na ile filta iliyoziba ilikuwa inachochea, kwa sababu hewa ikiona njia ya filta ni ngumu inaongeza kupitia kwa ule mdomo. Na kila pu iliyopiga nayo ilisukuma presha kwenye mpira uleule ikaupasua zaidi, kwa hivyo ilikuwa inazidi kila wiki, jambo ambalo mwalimu alikuwa amesema mwanzo kabisa na nikaliacha likapita kwanza.

Sikuagiza spea hapo hapo. Nilichukua kipande cha chubu ya baisikeli, nikakizungusha kwa mpira pale palipopasuka tabaka kadhaa, nikabana na klipu mbili, filta mbovu ikarudi mahali pake vilevile, maunting mbovu vilevile. Tukaenda mlimani. Haikupiga. Trimu ilipanda jumlisha 9 hivi ikakaa hapo, kuna hewa kidogo ilikuwa bado inapenya, MAF ikasema 44. Kwa shilingi 50 ya chubu ukawa umethibitisha kabla haujanunua kitu chochote. Mwalimu akaniambia fundi hebu tuiache tu hivi, si imepona? Nikamwambia chubu ni mpira laini na hapo kuna joto na mvuke wa oil, utalainika ule, na kipande kikikatika kinafyonzwa kwa throto. Akafikiria. Akasema basi weka mpya lakini maunting ingoje mwisho wa mwezi.

Hapo tulibishana kidogo. Mimi msimamo wangu ni kwamba ukiweka mpira mpya kwa maunting iliyokufa umenunua mpira wa miezi michache, utapasuka palepale. Tukatoa maunting nikamuonyesha, ya nyuma mpira umekatika kabisa chuma kinagongana na chuma, na ile ya kulia yenye maji ndani ilikuwa imevuja yote imekaa chini. Alikuwa anajua kuna mtikisiko akiweka D akisimama kwa taa, alidhani ni uzee wa gari. Akakubali zote. Mpira tulipata wa eks-Japan ambao haujakakamaa (ukinunua ukunje mikunjo yote kwa mkono uangalie kwa jua, nyingi zinazouzwa zina nyufa ndogo tayari), maunting mbili mpya, filta mpya. Sensa ya MAF nikaipuliza na dawa yake yenyewe kwa sababu ilikuwa imekula moshi, sio kwa sababu ilikuwa na kosa. Kabu klina usiitumie hapo, itaharibu.

Trimu mlimani sasa inacheza kutoa 2 mpaka jumlisha 4, MAF inafika 47 akikanyaga yote, na amepanda na wenzake wote wanne na mabegi yao bila kupiga. Mtikisiko wa D kwa taa umeisha pia. Koili ya zamani alikuwa bado anayo kwa buti, tukaijaribu silenda ya pili, ikafanya kazi bila shida, nikamwambia aiweke akiba. Ile pampu ya kwanza iliyokuja na gari kutoka Japan, fundi aliyeitoa alibaki nayo, na mwalimu anasema atapitia huko Jumamosi aiulizie.

Kilichobaki ni oil, inashuka kidogo kila mwezi, na hizi 1ZZ zinajulikana kwa ringi za oil kuziba. Haivuti moshi bado, nimemwambia achomoe dipstiki kila akijaza tanki na asingoje taa iwake.